Nunua asilimia, usinunue harufu: dawa za kufutia nyumba wakati wa mlipuko wa ugonjwa, kwa sisi wa Mtwara

Duka ninalochukulia mahitaji hapa Chikongola linatazama magharibi. Ikifika saa tisa alasiri jua linapiga kibarazani moja kwa moja, na kibarazani ndiko Mangi anakopanga jiki, mstari mzima, lebo zimepauka mpaka huoni tarehe. Nikimwomba anitolee iliyo stoo, ndani ya boksi, hucheka: "Mama, jiki si jiki tu?" Hapana. Kinachofanya kazi mle ni klorini, na klorini haipatani na joto wala mwanga. Chupa iliyokaa juani wiki kadhaa inaweza kunuka vilevile huku nguvu yake imeshuka sana.

Hilo nililijua kwa gharama. Januari 2024, Wizara ya Afya ilipotangaza macho mekundu, kijana wa dada yangu alishuka kutoka Dar akiwa nayo. Siku ya nne tulikuwa watano tunaotoa tongotongo. Kabatini nilikuwa na chupa tatu za dawa, zote nimezichagua kwa pua, na hakuna hata moja niliyowahi kugeuza nikasoma nyuma.

Kabla ya kutoa hela, jua unapambana na kirusi cha aina gani. Virusi vya korona, mafua, mpox, hata Marburg iliyoipiga Kagera mwaka 2023 na tena 2025, vimevaa ganda la mafuta. Ganda likivunjika, kirusi kimekwisha. Vingine havina ganda hilo: adeno wa macho mekundu, rota anayeharisha watoto, noro wa kutapika. Hawa ni wagumu, wanakaa kwenye kitasa cha mlango siku nyingi, na dawa nyingi zenye matangazo mazuri haziwawezi. Mpangilio wangu unafuata hapo.

Ya kwanza ni jiki, ile ya dukani yenye lakiri yake. Inaua aina zote mbili, na kwa eneo inalofuta ndiyo nafuu kuliko zote. Angalia vitu vitatu: asilimia ya haipokloraiti ya sodiamu, ndiyo ile klorini (nyingi zetu ni 3.5), tarehe ya kutengenezwa iwe ya miezi michache nyuma, na chupa isiyopitisha mwanga. Alama ya TBS iwepo. Yenye manukato ya limau siichukui.

Vipimo, kwa jiki ya 3.5: vijiko viwili vikubwa kwa lita moja ya maji vinatosha vitasa, swichi, meza, bomba na mfuniko wa ndoo ya maji ya kunywa. Kwa ndoo ya lita 10, kikombe cha chai kilichojaa na vijiko viwili au vitatu juu yake. Pakiwa na matapishi, choo cha mgonjwa au damu, ongeza nguvu: kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo sita vya maji, kikombe kilekile. Chupa yako ikiandikwa asilimia 5, ile ya kawaida inakuwa mililita 20 kwa lita, na ile kali kipimo kimoja kwa tisa.

Futa, halafu acha pabaki na umajimaji dakika 10. Hapa ndipo wengi tunapokosea, tunapitisha kitambaa na kukausha papo hapo kama tunafuta vumbi. Vinavyogusa chakula au mdomo wa mtoto visuuze baadaye. Uliyochanganya leo mwaga leo, kesho changanya mpya. Na usithubutu kuitia pamoja na dawa ya kusafishia choo, siki, ndimu, au chochote chenye amonia. Hewa inayotoka hapo inachoma mapafu, na vyoo vyetu vingi ni vidogo na dirisha ni tundu. Vaa glavu, fungua mlango, weka mbali khanga unayoipenda.

Ya pili ni sabuni, na kwa bei ilistahili kuwa ya kwanza. Ya mche au ya unga, haijalishi. Inavunja lile ganda la mafuta, na hata wale wasio na ganda inawabandua na kuwaondoa na maji. Tena bila sabuni jiki yako inapotea bure: klorini ikikutana na uchafu, inamalizika kwenye uchafu. Kwa hiyo sabuni kwanza, jiki baadaye. Mwenye hela ya kimoja tu, na ugonjwa ni mafua, anunue sabuni, asione haya.

Ndugu zetu wa Newala na Tandahimba, ambako maji ni ya kuhesabu, msimalizie ndoo kwenye kupiga deki. Changanyeni lita moja tu kwa siku, iende kwenye vinavyoshikwa na mikono. Watu hawajigusi machoni kwa nyayo.

Ya tatu ni klorini ya unga, ya asilimia 65 hadi 70. Huhifadhika kuliko ya maji, na gramu 7 kwa lita zinakupa ile dawa kali ya matapishi. Kwa madrasa, shule au gesti ninaipendekeza. Kwa nyumba ya watoto, hapana: vumbi lake linaunguza, na kupima gramu 7 kwa kukisia ni kutafuta balaa.

Spiriti ya asilimia 70 ninaiweka ya nne. Ni nzuri kwa simu, rimoti na miwani ambavyo jiki ingeviharibu. Lakini inakauka upesi, inashika moto, haifanyi kazi vizuri kwa wale wasio na ganda, na kufutia nyumba nzima utafilisika. Nunua kichupa kidogo, kikae mbali na jiko la mkaa. Usidanganyike na ya 95 ukidhani ni bora. Maji yaliyomo kwenye ile ya 70 yanaisaidia kufanya kazi.

Dawa za kahawia zinazogeuka maziwa ukizitia majini, aina ya dettol, ni za tano. Najua nitagombana na shangazi zangu wote. Zinanuka usafi, na kwa virusi vyenye ganda zinafanya kazi, ila kwa macho mekundu na rota usizitegemee.

Mkiani kabisa ni jiki ya kupima, ile ya chupa za maji ya kunywa pale sokoni. Haina asilimia wala tarehe, hujui imezimuliwa mara ngapi, na mtoto mwenye kiu hajui kuwa si maji. Vidonge vya kutibu maji navyo viacheni kwenye maji; kimoja kimepimwa kwa ajili ya kunywa, hakifiki nguvu ya kufutia meza.

Siku hizi Mangi akiniona tu anaingia stoo mwenyewe. Zile za kibarazani bado anaziuza.