qBittorrent: programu ya torenti ninayoiweka kwenye kila mashini hapa Bukavu

Juzi mama mmoja, mwalimu wa sekondari, aliingia kwangu na laptopu ameizungushia kitenge kama mtoto mchanga. Akaiweka juu ya meza akasema, "Mwanangu, hii mashini inapumua kama mtu wa homa, tena mega zangu zinaisha hata sijafungua kitu." Nikamwambia, "Kaa kidogo mama, tuiangalie." Kuiwasha tu, ventilateri ikaanza kulia, brauza ikafunguka yenyewe kwenye ukurasa ambao mama hakuuchagua, na pale chini kwenye kona kidirisha cha dawa ya kupunguza tumbo kikawa kinapanda, unakifunga, kinapanda tena. Chanzo chake ni programu ya torenti, yaani ya kushusha faili kubwa vipande vipande kutoka kwenye mashini za watu wengine, ambayo kijana wake aliiweka ili ashushe faili moja tu, na haikuja peke yake, iliingia na ndugu zake watatu.

Mi niko na sekretariati upande wa Nyawera, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, tunapiga saisi (tunawachapia watu kazi zao), tunatoa fotokopi, wanafunzi wa ISP, chuo cha walimu, wanatuletea TFC na memwari zao, yaani kazi zao za kumaliza masomo, na mashini zinazofika zimechoka namna hiyo ni nyingi kuliko zile zimeharibika kweli. Ndiyo maana naandika juu ya qBittorrent. Nimeiweka kwa watu miaka mingi sasa, na hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia imemletea matangazo.

Lakini kwanza nieleze ile ya mama iliingia vipi, ju hapo ndipo watu wengi wanapokamatwa. Faili la kuinstale lilikuwa bado liko kwenye folda ya Téléchargements (vitu vilivyoshushwa), nikamwita kijana tukalifungua pamoja polepole kwenye mashini yangu ya majaribio. Ukurasa wa kwanza sawa. Ukurasa wa pili kuna butoni kubwa ya kijani "Accepter" (kubali), mtu anafikiri anakubali masharti ya programu, kumbe ukisoma vizuri ni masharti ya antivirusi nyingine kabisa, na neno la kukataa liko pale chini kwa herufi za kijivu ndogo, huwezi hata kujua kama ni kitu cha kubonyeza. Ukurasa wa tatu, kisanduku kimeshawekwa alama tayari, kinasema brauza yako ibadilishiwe ukurasa wa kuanzia. Wa nne tena, programu ya "kusafisha" mashini. Kijana akanyamaza halafu akasema, "Yaya, mi nilibonyeza tu Suivant, Suivant, Suivant," yaani endelea, endelea. Sikumlaumu, wote tunafanya hivyo, na wale waliotengeneza ile kurasa wanajua kabisa kwamba tunafanya hivyo.

Na kwetu hasara yake ni kubwa kuliko kwa mtu wa Ulaya mwenye intaneti ya mwezi mzima bila kikomo. Sisi tunanunua forfe, yaani kifurushi cha mega, mega unazihesabu, na kila tangazo linalojipakia pembeni mwa ile programu ni mega zako, wewe ndiye unalipa ili uonyeshwe dawa ya tumbo. Hapo sijasema betri, na betri hapa kwetu wakati wa delestaje, umeme ukikatwa kwa zamu, ni kama maji ya kunywa.

Sasa watu wananiuliza, mbona zamani uTorrent, ile programu ya torenti inayojulikana sana, ilikuwa nzuri? Ni kweli kabisa, ilikuwa nzuri sana. Ilitoka mwaka 2005, aliiandika Ludvig Strigeus wa Sweden, na matoleo ya mwanzo yalikuwa madogo hivi kwamba faili lote halikufika hata mega 1, mashini ya zamani ilikuwa inaibeba bila kuhema. Mwisho wa 2006 ikanunuliwa na kampuni ya BitTorrent, mwaka 2012 wakatangaza kwamba matangazo yanaingia ndani, halafu mwaka 2015 yakatokea makelele makubwa, watu waligundua kwamba pamoja na uTorrent imeingia programu ya Epic Scale inayotumia prosesa ya mashini yako kuchimba pesa za kidijitali. Baadaye, 2018, kampuni yenyewe ikanunuliwa na Tron, kampuni ya pesa za kidijitali ya Justin Sun. Leo ile ya bure bado iko na matangazo, ukitaka bila matangazo unalipa. Kwa hiyo wakubwa wanaosema "mi niko na uTorrent tangu nikiwa chuo" jina ni lilelile ila mwenye nyumba alibadilika, tena zaidi ya mara moja.

qBittorrent yenyewe ilianza 2006, iliandikwa na Christophe Dumez, wakati huo mwanafunzi huko Ufaransa, na leo inaendelezwa na watu wa kujitolea. Kodi yake (maandishi yanayoiunda programu) iko wazi, leseni ni GPL, ya programu huru, yaani mtu yeyote anayejua kusoma kodi anaweza kuifungua aone inafanya nini, na mtu akiingiza tangazo usiku, asubuhi wenzake wanaliona. Wanaishi kwa michango. Mi naanzia hapo ninapochagua programu ya bure, nauliza nani anailisha, ju kama siyo mimi kwa pesa wala siyo michango ya watu, basi kuna mtu mahali fulani analipa ili anifikie.

Kuinstale kwake sasa. Faili ni kama mega 40 hivi. Unapata ukurasa wa leseni, halafu ukurasa wa visanduku, na vile visanduku vyote vinahusu programu yenyewe: ikoni kwenye ekrani, ianze pamoja na Windows au hapana, ifungue faili za torenti, iongezwe kwenye fayawoli (mlinzi wa Windows wa koneksiyo). Basi. Hakuna antivirusi, hakuna brauza, hakuna kusafisha. Ukiifungua mara ya kwanza inakuambia wazi kwamba hii ni programu ya kugawana faili, kile unachoshusha wengine pia watakichukua kutoka kwako, na unachogawa ni juu yako mwenyewe. Mi napenda huo ujumbe, nawasomea wateja kwa sauti ju wengi hawajui kwamba torenti inatoa wakati inaingiza.

Muonekano ni wa kizamani kidogo, orodha katikati, kurasa ndogo chini, hakuna urembo. Kifaransa kipo. Mi sioni shida.

Kitu kilichonifanya niipende kweli ni umeme. Nilikuwa nashusha Ubuntu 24.04, mfumo wa bure unaowekwa mahali pa Windows, karibu giga 6, kwa ajili ya mashini za wanafunzi ambazo Windows imezishinda. Kwa brauza nilijaribu mara tatu, kila mara koneksiyo ikikatika katikati inasema imeshindwa na giga zangu zimeenda na maji. Nikachukua torenti ya Ubuntu kwenye tovuti yao wenyewe, nikaiweka kwenye qBittorrent, usiku na forfe ya usiku. Ikafika 71 kwa mia, umeme ukaenda, betri ya ile mashini ilishakufa zamani kwa hiyo ikazimika palepale. Nikalala. Saa kumi alfajiri umeme ukarudi, nikaiwasha, ikakagua ilichonacho, ikarudi nyuma kidogo tu na kuendelea. Hiyo ndiyo namna torenti ilivyotengenezwa tangu Bram Cohen aivumbue mwaka 2001, faili linakatwa vipande vipande na kila kipande kiko na alama yake ya hesabu, kipande kilichoharibika kinatupwa kinaombwa kingine, vile vizuri vinabaki. Kwa mji ambao umeme unaenda bila kuaga, sijaona njia nyingine ya kushusha faili kubwa bila kulia.

Ila usiiache vile ilivyo, ju ukiiacha itakula mega zako kwa upande wa kutoa. Ingia kwenye Options, sehemu ya Vitesse (mwendo), pale kwenye kutoa utakuta 0 au alama ya ∞, na hapo maana yake hakuna kikomo. Mi kwa mteja wa forfe ndogo naweka 10, yaani kilobaiti 10 kwa sekunde, halafu kwenye sehemu ya BitTorrent chini naiambia isimame ikishafika kiwango fulani cha kugawa. Kuna tena ikoni kama kipima mwendo kule chini kabisa kwenye dirisha, ukiibonyeza inaingia kwenye mwendo wa polepole uliouchagua, nzuri sana kama kuna mtu anapiga simu ya WhatsApp kwenye koneksiyo ileile na unaona sauti yake inakatika. Na unaweza kuiwekea saa, mchana polepole, usiku iende. Sisemi watu wasigawe kabisa, torenti inakufa kama kila mtu anachukua tu, mimi mwenyewe usiku naacha LibreOffice (programu ya ofisi) na Debian (mfumo kama Ubuntu) zinatoka kwenye mashini ya sekretariati. Lakini mwanafunzi aliyenunua mega kwa pesa ya usafiri, huyo aweke kikomo, atagawa siku Mungu akimjalia.

Kasoro zake nazo niziseme. Ina sehemu ya kutafuta torenti ndani kwa ndani lakini inataka uwe na Python, programu nyingine ya kuweka pembeni, mteja wa kawaida anachoka hapohapo. Toleo la 5 linataka Windows 10 kwenda juu, mwenye Windows 7 atabaki na matoleo ya zamani ya 4, na siyo vizuri kubaki nyuma, ju mwezi wa kumi 2024 walirekebisha kwenye 5.0.1 kosa lililokuwemo tangu 2010: programu ilipokuwa inashusha vitu kama ile Python au habari za RSS (orodha za vitu vipya vya tovuti) haikuwa inahakiki vyeti vya usalama vya tovuti, yaani mtu aliye katikati ya njia angeweza kukupa faili lake. Miaka 14! Lilinishtua kabisa, na wiki ile nilipiga simu kwa wateja wote ambao namba zao nilikuwa nazo waje tubadilishe toleo. Kodi kuwa wazi ni jambo kubwa, ila mtu lazima aisome, na wewe lazima uweke toleo jipya.

Na mahali unapoichukua ni muhimu kama programu yenyewe. Tovuti yao ni qbittorrent.org. Usiandike jina tu kwenye Google ubonyeze ya kwanza, ju ya kwanza mara nyingi ni tangazo, na ziko tovuti zinazofanana jina kwa jina. Kwenye ukurasa wao wa kushusha wameweka namba ndefu ya SHA-256, alama ya hesabu ya faili zima, ukishapata faili fungua lile dirisha jeusi la Windows (cmd), andika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256, ulinganishe. Mi nalinganisha herufi sita za mwanzo na sita za mwisho, inachukua nusu dakika.

Mtu asione nazidisha. Transmission ni programu nyingine nzuri ya torenti, kodi wazi, bila tangazo hata moja, na bado Machi 2016 watu waliingia kwenye tovuti yake wakabadilisha faili la toleo 2.90 la Mac, wakatia ndani KeRanger, virusi inayokaa kimya siku tatu halafu inafunga faili zako zote na kudai bitcoin 1, ambayo wakati ule ilikuwa kama dola 400. Walioshusha siku zile mbili faili hilo lilipokuwa pale ndio waliopata shida. Walisafisha, na leo Transmission ni chaguo langu la pili, hasa kwa mwenye mashini dhaifu. Deluge pia ni safi. Tixati haina matangazo ila kodi imefungwa, kwa hiyo mi siiweki kwa watu.

Kwa simu, qBittorrent haipo. Android ninaweka LibreTorrent kutoka F-Droid, duka la programu za kodi wazi. Na kama ni kupeana picha na nyimbo kati ya simu na mashini hapo nyumbani, hauhitaji torenti wala zile programu za kutuma zilizojaa video za matangazo, weka LocalSend pande zote mbili, wifi isiyo na intaneti inatosha, yaani hata wifi ya simu moja bila mega, na haitakuonyesha tangazo lolote.

Kitu cha mwisho nilimwonyesha kijana wa mama. Windows inaficha mwisho wa jina la faili, kwa hiyo faili linaloitwa filamu.mp4 linaweza kuwa filamu.mp4.exe, na exe ni programu, filamu haiwezi kuwa exe hata siku moja. Tukafungua Explorateur (dirisha la mafolda), sehemu ya Affichage (muonekano), tukaweka alama ionyeshe miisho ya majina. Kwenye folda yake tukakuta mawili ya namna hiyo. Akayafuta yeye mwenyewe.

Ile mashini ilichukua mchana mzima: niliondoa zile programu nne, nikarudisha brauza, nikaweka qBittorrent yenye kikomo cha 10, nikamchukua mama franka 5000. Aliiwasha mbele yangu, akaweka sikio karibu na ventilateri, akaniambia, "Sasa imelala." Akaifunga tena kwenye kitenge chake.