Springi za klachi za vespa: seti tatu nilizojaribu, na moja iliyobaki

Vespa yangu ni PX 150 ya gia za mkono. Niliachiwa na ami yangu alipohamia Chake Chake, akaona gharama za kuivusha zinazidi thamani yake. Miaka yote aliyokuwa nayo hakuwahi kuifungua klachi, na mimi nilipoipokea sikujua hata kama klachi ina springi ndani. Nilichojua ni kuweka mafuta, kuchanganya oili na kupiga kiki.

Unguja si kisiwa cha milima, lakini mpando wa Masingini unatosha kumuumbua mtu. Siku moja nimempakia mke wangu nyuma, miguuni nimebana ndoo ya changu kutoka marikiti Darajani, tunakwenda kwa wakwe. Kufika mpandoni nikavuta moto. Injini ikapiga kelele kama imeongezwa nguvu, chombo kikabaki palepale pa mwendo wa kobe. Kijana wa baiskeli akatupita. Mke wangu akaniuliza taratibu sikioni, "Sasa hii kelele yote inakwenda wapi?" Lilikuwa suali zuri kuliko alivyodhani. Kelele ilikuwa inaishia kwenye klachi, inateleza, nguvu haifiki kwenye tairi.

Kwa asiyejua: klachi ya vespa hizi ni mkusanyiko wa pleti zilizobanwa pamoja na springi ndogo zilizopangwa kwa duara. Ya kwangu inazo saba. Kuna za sita, kuna za nane, kwa hiyo ukisikia mtu anakuuzia "springi za vespa" bila kukuuliza ngapi, ujue anauza tu. Springi zikichoka, mbano unapungua, pleti zinateleza. Ukivuta mkono wa klachi, unazibana springi hizo zote kwa vidole vyako, kupitia waya mmoja mwembamba. Hilo la vidole mtaliona mbele umuhimu wake.

Seti ya kwanza niliinunua papo hapo Darajani, kwenye pakti ya nailoni isiyokuwa na jina wala namba. Shilingi elfu nane. Nilifurahi sana na bei. Kijana mmoja wa jirani akanifungia siku hiyohiyo. Uzuri wa PX ni kwamba klachi unaifikia bila ya kushusha injini: unavua tairi la nyuma, unamwaga oili, unafungua kifuniko, hiyo hapo. Mpandoni ikapanda vizuri. Baada ya wiki tatu ikaanza tabia nyengine kabisa. Nikiwa nimesimama, klachi nimeivuta mpaka mwisho, nikiingiza gia ya kwanza chombo kinaruka mbele kama mbuzi aliyekanyagwa, na gia inalia *krrr*. Yaani sasa haitelezi, ila haiachii.

Hapo ndipo nilipompelekea fundi mzee mmoja wa Kikwajuni ambaye ningemwendea tokea mwanzo. Aliifungua, akazipanga springi zangu saba juu ya gazeti, zimesimama kama askari, kisha akainama mpaka jicho likawa sawa na meza. "Njoo utazame, mwanangu." Nikainama. Mbili zilikuwa fupi kuliko wenzake. Si sana, milimita moja na kidogo, lakini jicho linaiona. Springi zisipolingana, pleti ya juu inanyanyuka upande mmoja tu, kama sinia lililobebwa na watu wasiolingana kimo, na upande wa pili unaendelea kugusa. Wiki tatu tu za kubanwa na kuachiwa ndani ya oili ya moto, na zile mbili zishakaa. Chuma kibovu hakirudi kimo chake.

Baada ya hapo ningepaswa kumsikiliza yeye. Alisema: tafuta seti ya kawaida, ya kiwanda kinachojulikana, usitafute makuu. Mimi nikaenda dukani nikiwa na hasira za kudanganywa, na mtu mwenye hasira anauziwa chochote. Muuzaji akanitolea seti imepakwa rangi nyekundu. "Hizi ngumu, shekhe, za mashindano. Ukiweka hizi hutakuja kuteleza maisha." Elfu thelathini na tano. Nikalipa.

Hakusema uongo. Haikuteleza. Ila vespa, tofauti na pikipiki nyingi, gia na klachi vyote viko mkono wa kushoto: unavuta klachi na hapohapo unazungusha mshikio kubadilisha gia. Mkono mmoja unafanya kazi mbili, na kazi moja ikiwa nzito, zote zinaharibika. Kutoka nyumbani Mwanakwerekwe mpaka kazini Mjini, asubuhi ya foleni, nahesabu nimeivuta ile klachi mara ngapi mpaka nikaacha kuhesabu. Nikifika kazini kalamu naishika kwa tabu. Mke wangu alijaribu kuivuta akashindwa kuifikisha mwisho kwa mkono mmoja.

Mwezi wa pili waya ukakatika, katikati ya kiplefti cha Amani, saa moja na nusu asubuhi, daladala nyuma yangu zimejaa na makonda wake wana maoni yao. Gia imo ndani, klachi haipo, injini ikazimika kwa mtikisiko. Nikaisukuma pembeni. Nilipoutoa waya nikaona umechanika nyuzi moja moja pale kwenye kichwa chake, karibu na mkono wa klachi, ulikuwa unakufa siku nyingi. Na fundi alipofungua kifuniko akanionesha jengine: kile kipande cha shaba kinachosukuma klachi kimeliwa na kuchimbika, kazi ya miezi miwili kama ya miaka. Nguvu unayoiongeza kwenye springi haibaki kwenye springi. Inapita kwenye waya, kwenye shaba, kwenye kiganja chako.

Hapo nikaamua kujifunza kabla ya kutoa tena hata senti. Na niliyojifunza ndiyo sababu ya kuandika haya.

Ugumu wa springi hauonekani kwa macho wala hauko kwenye rangi. Unatokana na unene wa waya, upana wa duara, idadi ya mizunguko na aina ya chuma. La ajabu ni unene: ugumu unapanda kwa unene ukizidishwa wenyewe mara nne. Waya ulionenepa kwa asilimia 10 tu unakupa springi ngumu zaidi kwa takriban asilimia 46. Kwa hiyo seti mbili zinaweza kufanana kama pacha mkononi, na moja ikakuvunja kidole. Kugusa na kuminya dukani, kama tunavyominya maembe, hakukwambii kitu.

Basi nikachukua mizani ya jikoni ya mke wangu, ya kupimia unga wa keki, na rula ya skuli ya mwanangu. Nilisimamisha springi juu ya mizani, rula pembeni, nikaibana kwa kikombe cha kahawa kilichogeuzwa mpaka ifike kimo kilekile, kisha nikasoma namba. Usiibane mpaka mwisho. Mizani yangu ni ya kilo 5 na nilipokaza zaidi ikaniandikia kosa, na mwenye mizani akatokea mlangoni. Kwa kimo nilichochagua, zile nyekundu zilisoma kama kilo 4.4. Zile za pakti ya nailoni zilitawanyika, kutoka 2.3 mpaka 3.1, na hapo ndipo nilipocheka peke yangu. Zile za ami, za miaka yote hiyo, zilikuwa 2.5 na 2.6, karibu zote sawa. Zilichoka, lakini zilichoka pamoja, kwa adabu.

Seti ya tatu niliagizia Dar es Salaam, ikaja na boti, kwenye kijiboksi chenye jina la mtengenezaji na namba ya spea, imeandikwa ni ya PX za kawaida. Elfu ishirini na tano pamoja na nauli ya mzigo. Nilizipima zote saba kabla ya kumpelekea fundi: 3.2, 3.2, 3.3, 3.2, na kuendelea hivyo. Sikuhitaji kuona zaidi. Kuna watu watakwambia spea za LML ya India zinaingia, kwa kuwa kiwanda kile kilianza kutengeneza skuta kwa leseni ya Piaggio, wenyewe watengenezaji wa vespa. Nyingi zinaingia kweli. Kwa klachi mimi nilichukua ya zamani mkononi nikalinganisha kwanza, na wewe fanya hivyo.

Fundi alizifunga zote saba kwa pamoja, hakukubali kuchanganya na za zamani hata moja. Pleti mpya akazilaza kwenye oili usiku kucha kabla ya kuzivisha, maana pleti kavu zinaungua. Kisha akanipa somo ambalo lingeniokolea pesa yote ya mwanzo. Akashika mkono wa klachi akauchezesha kwa kidole kimoja: "Hapa pawe na ulegevu kidogo, kama milimita mbili, kabla haujaanza kubana. Wako ulipokuja kwangu mara ya kwanza haukuwa nao." Waya ulikazwa mno, ukawa unaivuta klachi muda wote bila mimi kuigusa. Nilimuuliza mbona hukuniambia siku ile. Akasema aliniambia, mimi nilikuwa nazungumza na simu.

Na oili. Chumba cha gia cha PX kinachukua robo lita tu ya SAE 30, na klachi inaogelea humohumo. Oili za kisasa za gari zenye dawa za utelezi zinazitelezesha pleti pia. Ami alikuwa akiweka ya aina gani sijui, ilitoka nyeusi kama halua.

Leo ni mwezi wa saba na seti ya tatu. Mkono mwepesi, gia zinaingia kimya, na Masingini tunapanda wawili na ndoo. Injini yangu ni ya kiwanda haijachezewa, na kwa injini kama hiyo springi ngumu ni kununua maradhi. Mwenye silinda kubwa zaidi na bomba la mashindano huyo ana hesabu nyengine, atazihitaji, nguvu yake itaitelezesha seti ya kawaida. Hapa kisiwani nawajua wawili tu wa namna hiyo, na wote wanatembea polepole kwa kuogopa matuta.

Zile nyekundu nilimwachia fundi. Sita zimo kwenye kopo la misumari. Ya saba ameifunga kwenye mlango wa banda lake, unajifunga wenyewe, na kila mteja anayeingia unampiga kisigino.