Climate Action 100+ na kipimo chake cha kampuni kubwa: tathmini kutoka Tanga

Hapa Tanga, bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani limekuwa mazungumzo ya kila baraza. Watu huulizana kuhusu ajira, fidia na bei ya viwanja, lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza kuhusu wenye fedha walio nyuma ya mradi huo. Mimi ni mhasibu, na ni mjumbe wa kamati ya uwekezaji ya chama chetu cha akiba na mikopo. Katika kikao kimoja, mzee mstaafu wa reli alinyoosha mkono akaniuliza, "Mwanangu, hawa wenye hisa huko Ulaya, haya tunayoyaona sisi wao wanayaona?" Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Nilipoanza kulitafuta ndipo nilipokutana na kipimo cha Climate Action 100+, na kwa kuwa nimekitumia mara nyingi tangu wakati huo, naona ni haki niandike kinafaa kwa nini na kinapungukiwa wapi.

Climate Action 100+ ni umoja wa wawekezaji, wengi wao wakiwa mifuko ya pensheni, kampuni za bima na mameneja wa mitaji, ulioanzishwa mjini Paris Desemba 2017 na wawekezaji 225 waliokuwa wakisimamia mali ya zaidi ya dola trilioni 26. Walichagua kwanza kampuni 100 zinazochangia sehemu kubwa ya gesijoto duniani (hewa zinazoongeza joto la dunia), zikiwamo za mafuta, umeme, saruji, chuma na magari, kisha orodha ikapanuka hadi kupita 160. Kila kampuni huombwa mambo matatu: bodi ya wakurugenzi iwajibike kwa suala la tabianchi, gesijoto ipunguzwe katika mnyororo mzima wa thamani, kuanzia malighafi hadi bidhaa inapotumika, na taarifa ziwekwe wazi ili mwenye hisa ajue hatari anayoibeba. Ili maombi hayo yasibaki kuwa barua za heshima, Machi 2021 umoja huo ulitoa kwa mara ya kwanza kipimo kinachoipa kila kampuni ukurasa wake, na kurasa hizo husomwa bure na mtu yeyote. Hilo la bure nalitaja mapema kwa sababu taarifa za aina hii kwa kawaida huuzwa kwa bei ambayo chama kama chetu hakiwezi hata kuifikiria.

Ukifungua ukurasa wa kampuni unakuta vigezo vikuu, kila kigezo kikiwa na vigezo vidogo chini yake, na kila kimoja kimejibiwa kwa namna moja kati ya tatu: ndiyo, kwa sehemu, au hapana. Je, kampuni imetangaza azma ya kufikia sifuri halisi, yaani gesijoto inayotolewa isizidi inayoondolewa angani, ifikapo 2050? Ina malengo ya muda mrefu, wa kati na mfupi? Fedha zake za miradi mipya zinaendana na malengo hayo? Vyama vya wafanyabiashara ambamo imo vinashawishi serikali kuelekea upande gani? Wapimaji ni taasisi zilizo nje ya kampuni zenyewe, nao husoma nyaraka ambazo kampuni imezichapisha hadharani. Mpangilio huu ni mzuri kwa sababu hauruhusu maneno matamu kufunika pengo. Kampuni inaweza kuandika kurasa 80 za picha za miti na watoto wa shule, lakini mbele ya swali la kama lengo lake linahusisha gesi inayotoka pale mteja anapoichoma bidhaa, jibu litakuwa moja tu kati ya hayo matatu. Kwa kampuni ya mafuta hilo ndilo swali lenyewe, maana sehemu kubwa zaidi ya gesijoto yake haitoki kwenye visima vyake bali kwenye injini za malori na daladala zinazonunua dizeli. Matokeo ya kwanza ya 2021 yalilionyesha hilo vizuri: kati ya kampuni 159 zilizopimwa, 83 zilikuwa zimetangaza azma ya sifuri halisi, lakini takriban nusu ya azma hizo haikuhusisha gesijoto zote muhimu za kampuni husika, na hapakuwa na hata kampuni moja iliyofanya vizuri katika vigezo vyote.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo nahisi wasomaji wengi huiruka, ni ile inayopima hesabu za fedha na ripoti ya mkaguzi. Iliongezwa 2022. Inauliza kama hesabu zilizokaguliwa zinaonyesha jinsi hatari za tabianchi zilivyozingatiwa, kama makisio yaliyotumika yametajwa kwa tarakimu, na kama mkaguzi naye amesema aliyapima vipi. Katika matokeo ya kwanza, karibu kampuni zote zilishindwa. Kwa mtu asiye mhasibu jambo hili linaweza kuonekana kavu, kwa hiyo nitatoa mfano mmoja. Thamani ya kisima cha mafuta au ya kiwanda cha kusafishia inategemea bei ambayo kampuni inakisia kuuzia mafuta miaka 20 ijayo. Kampuni ikikisia bei ya juu, mali yake vitabuni inaonekana nono, gawio linalipwa, na mkurugenzi mkuu anapata marupurupu yake. Julai 2020, Total, kampuni ya mafuta ya Ufaransa ambayo sasa inaitwa TotalEnergies, ilipunguza thamani ya mali zake kwa takriban dola bilioni 8, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya miradi yake ya mchanga wa mafuta (mchanga uliochanganyika na mafuta mazito) nchini Kanada. Miradi hiyo haikuungua wala kuibwa. Kilichobadilika ni makisio ya bei na imani kwamba mafuta hayo yangechimbwa yote hadi mwisho. Mstaafu ambaye mfuko wake ulinunua hisa kwa thamani ya awali ana haki ya kuyajua makisio hayo kabla ya siku ya kupunguziwa, si baada yake, na kipimo hiki ndicho chombo pekee cha wazi nilichokiona kinachoidai kampuni mojamoja haki hiyo kwa lugha ya kitaalamu ambayo mkaguzi hawezi kuikwepa.

Sasa nirudi kwa yule mzee wa reli. Nilifungua ukurasa wa TotalEnergies, kampuni ambayo imo katika orodha tangu mwanzo na ambayo inamiliki asilimia 62 ya bomba letu, huku mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania yakiwa na asilimia 15 kila moja na CNOOC ya China ikiwa na 8. Nilitarajia kwamba bomba la kilomita 1,443, ambalo kilomita 1,147 kati yake zimo ndani ya Tanzania, na ambalo lazima lipashwe moto njia nzima kwa sababu mafuta ya Hoima yana nta na huganda, lingekuwa na mahali pake katika kurasa hizo. Kipimo hakikuundwa kwa namna hiyo. Kinaipima kampuni nzima kwa pamoja, makao makuu na matawi yote yakichanganywa katika jibu moja, na hata pale kinapouliza kama uwekezaji mpya unaendana na malengo ya Mkataba wa Paris, mkataba wa dunia wa kudhibiti ongezeko la joto, hakimwelezi mkazi wa Handeni au Muheza ni nini kilichoamuliwa kuhusu ardhi inayopakana na shamba lake.

Kasoro hiyo naiona kubwa, na inajirudia katika kigezo cha mpito wa haki, ambacho hakikuwa tayari katika toleo la kwanza na kikaingizwa baadaye. Nilikifuata kwa matumaini, nikidhani hapo ndipo watu wanapohesabiwa. Kinachoulizwa humo ni kama kampuni imeahidi kuwalinda wafanyakazi na jamii wakati inapoondoka kwenye mafuta na makaa, jambo ambalo ni la maana sana kwa mchimba makaa wa Poland au wa Mpumalanga, Afrika Kusini, lakini kwetu sisi kampuni ndiyo kwanza inaingia. Familia iliyohamishwa ili mradi mpya upite haionekani katika swali linalomhusu anayeachwa na mradi wa zamani. Kama waandaaji wanasikiliza ushauri, ningewaomba waongeze kwa kila kampuni orodha ya miradi yake mikubwa iliyoidhinishwa tangu Mkataba wa Paris wa 2015, ikitaja nchi, idadi ya kaya zilizohamishwa na hali ya malipo yao. Mwekezaji anayesema anataka kuzijua hatari hawezi kuiacha hii nje, kwa maana mgogoro wa ardhi husimamisha mradi haraka kuliko kodi ya hewa ukaa.

Udhaifu mwingine uko upande wa wawekezaji wenyewe. Kujiunga na umoja huu hakumfungi mtu kupiga kura kwa namna yoyote. Kila mmoja huamua peke yake. Katika mkutano mkuu wa TotalEnergies wa Mei 2023, azimio la wanahisa lililoitaka kampuni ioanishe malengo yake ya gesijoto na Mkataba wa Paris lilipata takriban asilimia 30 ya kura. Kwa azimio ambalo bodi ililipinga hicho ni kiwango cha kuheshimika, lakini kinabaki kuwa kushindwa, na ukurasa wa kampuni haukuonyeshi ni nani kati ya waliosaini alisimama upande gani. Kisha Februari 2024, mameneja wakubwa wa mitaji wa Marekani, JPMorgan Asset Management, State Street Global Advisors na PIMCO zikajitoa, na BlackRock ikahamishia uanachama wake kwenye tawi lake la kimataifa. Hayo yalitokea baada ya umoja kutangaza awamu ya pili iliyodai vitendo na si taarifa tu, na wakati ambapo wanasiasa wa Marekani walikuwa wakiwabana mameneja wa mitaji kwa kushirikiana katika suala hili. Nilihuzunika, kwa sababu sauti iliyopungua ni ya watu wenye hisa nyingi. Hata hivyo mifuko ya pensheni mingi imebaki, na kurasa za kampuni zimeendelea kuhuishwa.

Kuhusu lugha sina mengi. Kila kitu ni kwa Kiingereza, na ni Kiingereza cha wataalamu. Hakuna kampuni yenye makao makuu Afrika Mashariki iliyomo, jambo ninaloliona sawa, kwa kuwa zetu hazifikii kiwango cha gesijoto cha Sasol, kampuni ya mafuta na kemikali ya Afrika Kusini, ambayo imo.

Nani basi akitumie? Waandishi wa habari za uchumi, bila shaka, na wadhamini wa mifuko ya hifadhi ya jamii, na hasa wahasibu wenzangu, kwa sababu maswali yake yanakaribiana sana na yale ya kiwango cha kimataifa cha taarifa za tabianchi, IFRS S2, kilichotolewa Juni 2023, ambacho Kenya imepanga kukifanya cha lazima kwa taasisi zenye maslahi ya umma kuanzia 2027. Anayetaka kujizoeza kabla ya kubanwa na sheria atapata hapa mifano ya majibu mazuri na mabovu ya kampuni halisi. Ushauri wangu ni kwamba asianzie juu ya ukurasa, kwenye azma za 2050 ambazo kila mtu anazo. Aanzie chini, kwenye hesabu na mkaguzi, apande kwenye matumizi ya mtaji, ndipo amalizie na ahadi.

Mimi mwenyewe niliyachukua maswali mawili kutoka humo nikaenda nayo kwenye mkutano mkuu wa kampuni moja iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambayo chama chetu kina hisa chache. Niliuliza ni kamati ipi ya bodi inayosimamia hatari za tabianchi, na ni shilingi ngapi zilizotengwa au kukisiwa kwa ajili ya ghala la kampuni lililo bondeni, ambalo kila mwenye hisa aliyekuwa ukumbini alijua kwamba liliingiwa na maji katika mvua za 2024. Mwenyekiti alinong'ona na katibu wa kampuni, kisha akanijibu kwa upole kwamba mafuriko ni suala la serikali na mamlaka ya hali ya hewa, na kipaza sauti kikapelekwa kwa mwingine. Nyuma yangu mama mmoja, mwanahisa tangu kampuni ilipobinafsishwa, aliniambia, "Uliza tena mwakani, baba." Taarifa ya mwaka uliofuata ilipofika, niliisoma kwa kalamu mkononi. Kamati imetajwa, na ghala limetajwa katika aya moja ya maelezo ya hesabu, ila kiasi cha fedha hakimo. Swali hilo nimeliandika upya, safari hii kwa barua iliyopelekwa kwa katibu wa kampuni siku 21 kabla ya mkutano, na nakala yake nimempelekea mkaguzi.