Chombo cha keki ya kopa: kagua kabla hujalipia

Vyombo vya kuokea keki vya umbo la kopa vinavyouzwa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, Valentine ikikaribia ni vya aina mbili. Kuna vya alumini vilivyokandamizwa kutoka bati moja, na kuna vya kuungwa, ambavyo kiungo chake hukaa kwenye ncha au kwenye kibonyeo cha juu. Chukua cha bati moja. Kama vimebaki vya kuungwa tu, omba maji, ujaze, ukiweke juu ya gazeti dakika 5. Gazeti likilowa kiache, maana rojo nayo itapita hapohapo na kuungulia kwenye mchanga wa sufuria ya kuokea.

Kibonyeo ndicho chenye matatizo. Bati linaingia ndani ya keki, rojo inapigwa moto pande zote mbili, inakauka kabla ya katikati kuiva, kisha inang'ang'ania. Ukipindua, shavu moja linabaki ndani. Na wala kopa halikuzaliwa na kibonyeo! Katika mchoro wa Giotto huko Padova, Italia, wa mwaka 1305 hivi, mwanamke anayewakilisha Upendo anatoa moyo wenye umbo la peasi, usio na mkato wowote. Kibonyeo kilijitokeza kwenye michoro ya Ulaya ndani ya karne hiyohiyo ya 14, na karne ya 15 kikaingia kwenye karata. Ile habari kwamba kopa lilitokana na mbegu ya silphium, mmea wa kale, iliyochorwa kwenye sarafu za kale za Cyrene, Libya, husimuliwa sana, ila kati ya sarafu hizo na Giotto kuna zaidi ya miaka 1,500 isiyo na kitu cha kuziunganisha.

Kwa kuoka, tafuta kopa nene lenye kibonyeo kifupi, mfano wa lile la picha za Moyo Mtakatifu zinazotundikwa kwenye nyumba za Wakatoliki. Kwa chombo cha inchi 8, kibonyeo kisizidi sentimita 4. Yale membamba yenye ncha kali yanapendeza dukani tu.

Chombo cha inchi 8 chenye kina cha inchi 2 kinataka unga wa ngano gramu 200, sukari 200, siagi 200 na mayai 4. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo keki hufura upesi kabla haijashika, halafu inadidimia. Kama maelekezo ya Dar yanasema beking pauda vijiko 2 vya chai, weka kimoja na nusu, na uongeze maziwa vijiko 3 vya chakula. Paka siagi, tandika karatasi chini, kisha kata utepe wa karatasi uubandike kwenye kibonyeo. Sukuma rojo kuelekea ncha na mashavu, katikati pabaki chini kidogo.

Kwenye jiko la mkaa, sufuria iwe pana, ibaki nafasi ya inchi 2 kila upande, mchanga sentimita 2, moto mdogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Februari ni mvua na mkaa huwa na unyevu. Usiupandishe juu mpaka uwe mwekundu wote, la sivyo keki itanuka moshi. Ncha huungua kwanza, kwa hiyo baada ya dakika 20 ifunike kwa foili. Ikiiva, iache dakika 10 ndipo upindue.

Anayeoka kopa mara moja kwa mwaka hana haja ya chombo hiki. Oka keki ya mraba ya inchi 8 na ya duara ya inchi 8. Simamisha mraba kwa kona, kata duara katikati, bandika kila nusu kwenye ubavu mmoja wa juu. Kibonyeo kinajitokeza chenyewe bila bati. Inatoka kubwa, zaidi ya mara mbili ya ile ya duara peke yake, kwa hiyo hesabu walaji kwanza, na maungio uyafunike kwa krimu.