Programu ya hisa ya wakala wa hapa Dodoma: kununua ni rahisi, kioo cha bei kina kasoro

Nyota tatu kati ya tano.

Kwa mtumishi wa Mtumba au mhadhiri wa UDOM, programu hii imepunguza usumbufu mwingi. Akaunti ya hisa inafunguliwa kwa namba ya NIDA, fedha zinaingia kwa simu, na oda inafika Soko la Hisa la Dar es Salaam bila mtu kupanda treni. Dawati lao mjini linapokea simu na wahudumu wanajibu kwa adabu. Nyota mbili tumezikata kwa sababu ya ukurasa wa kwanza: jina la kampuni, bei moja kwa herufi kubwa, na rangi ya kijani au nyekundu.

Bei hiyo imetokana na biashara iliyokwisha kufanyika. Haikuahidi wewe chochote. Anayepeleka mahindi Kibaigwa analijua hili: gunia moja likiuzwa vizuri asubuhi, si lazima lori zima liondoke kwa bei ile. Hisa 10 zikiuzwa kwa shilingi 420 wakati jana zilikuwa 400, programu inaandika +5% kwa kijani. Fedha iliyozunguka ni shilingi 4,200 tu! Kampuni nyingine ambayo hisa zake laki tano zimeuzwa siku hiyo inapewa rangi ile ile. Na isipouzwa hisa hata moja, inaandikwa 0.00%, mgeni akadhani bei imetulia, kumbe hakuna aliyenunua wala kuuza.

Ukweli umewekwa ndani. Gusa jina la kampuni, kisha "Maagizo", utaona safu ya wanunuzi na ya wauzaji. Chukua mfano huu, kioo kikisema 420. Wauzaji: hisa 200 kwa 420, hisa 800 kwa 430. Wanunuzi: hisa 500 kwa 400, hisa 1,200 kwa 395. Ukinunua hisa 1,000 kwa "bei ya soko", yaani bei yoyote iliyopo kwa wauzaji, utalipa 84,000 na 344,000, yaani 428,000. Ukibadili mawazo dakika hiyo hiyo ukaziuza, utapata 200,000 na 197,500, jumla 397,500. Weka ada ya asilimia 2 kila upande: zimetoka 436,560, zimerudi 389,550. Umepoteza shilingi 47,010, zaidi ya asilimia 10, bila habari yoyote mbaya ya kampuni. Hapo ndipo programu inapomuumiza mteja, kwa sababu "bei ya soko" ndiyo imechaguliwa tayari unapofungua fomu ya oda. Badilisha uweke "bei ya kikomo", andika bei ya juu kabisa unayokubali, na muda chagua "siku moja". Ukiacha "hadi itakapofutwa", oda inabaki sokoni. Habari mbaya ikitoka usiku, asubuhi muuzaji atakukuta umesimama pale pale na bei yako ya zamani.

Safu yenyewe nayo isomwe kwa tahadhari. Oda kubwa ya kununua inaweza kuwekwa ili wengine waone kuna mahitaji, kisha ikaondolewa kabla haijaguswa. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 inakataza kutengeneza sura ya uongo ya biashara, na mashaka yanapelekwa CMSA, mamlaka inayosimamia masoko hayo. Mchezo huu umefika hata masoko makubwa: Navinder Singh Sarao, aliyefanya biashara akiwa nyumbani London, alikiri kosa la oda za namna hii katika mahakama ya Marekani mwaka 2016. Kwenye hisa za kampuni yenye wanunuzi wachache, oda moja tu inatosha kubadilisha sura ya safu nzima.

Kiasi kilichouzwa pia kinapotosha. Ukiona hisa milioni mbili kwa siku moja, tazama idadi ya miamala. Ikiwa ni muamala mmoja, huenda ni wakubwa wawili waliokubaliana bei pembeni, na hiyo haikuambii kesho utampata nani wa kununua zako.

Jambo ambalo watu wengi huwapigia simu dawatini kwa hofu ni wekundu wa baada ya gawio, ile sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa. Hisa ya 600 inayotoa gawio la 40 ikianza kuuzwa bila gawio, bei ya 560 ni ya kawaida. Programu inaandika −6.7% bila maelezo. Aliyekuwa na hisa kabla ya tarehe hiyo hajaibiwa: gawio linakuja, likiwa limekatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani 38 mkononi kwa kila hisa. Kila hisa ikigawanywa kuwa mbili na bei ikashuka nusu, mshtuko ni huo huo, na mchoro wa bei haurekebishwi.

Mchoro wenyewe tunashauri usiutumie kwa kampuni zisizouzwa kila siku. Unaunganisha nukta za siku zenye biashara kwa mstari laini, na wiki tatu za ukimya zinaonekana kama mwendo wa kupanda polepole.

Ukipiga simu dawatini, usiulize "bei ni ngapi", maana watakusomea kioo kile kile. Uliza mnunuzi wa juu anataka hisa ngapi na kwa bei gani, muuzaji wa chini ana ngapi, na mara ya mwisho ziliuzwa lini. Wanayo majibu yote matatu mbele yao. Yangewekwa chini ya ile bei kubwa kwenye ukurasa wa kwanza, tungewapa nyota ya nne leo hii.