Seti ya kroshia ya rangi: uzoefu wangu baada ya kuitumia

Kwangu kroshia ilikuwa vitambaa vyeupe vya kufunikia meza, basi. Seti hii niliiagiza kwa sababu ya picha ya boksi: haradali, waridi iliyokolea, kijani cha bahari, zambarau na nyeusi, zote kwenye kipande kimoja na hazigombani. Ndani kuna madonge ya uzi wa pamba, sindano za kroshia za milimita 3.5 na 4 zenye mpini wa mpira, na kijitabu cha michoro.

Nyuzi ndizo zinazobeba seti nzima. Ni pamba ya mng'aro, ile inayotiwa dawa kiwandani ili ing'ae na ishike rangi vizuri. Haina manyoya, kwa hiyo rangi mbili zikikutana mpaka unaonekana kama umekatwa kwa wembe. Sufu yenye manyoya mengi isingekupa hivyo.

Kijitabu nacho kimeeleza vizuri jinsi ya kubadili rangi. Rangi mpya haianzi kwenye mshono mpya, inaanzia kwenye ule uliotangulia: unaufuma mshono wa mwisho wa rangi ya zamani mpaka vibaki vitanzi viwili kwenye sindano, ndipo unavuta rangi mpya ipite katika vyote viwili. Usipofanya hivyo, mshono wa kwanza wa manjano unavaa kofia nyeusi. Uzi usiotumika unafichwa ndani ya mishono, lakini jamani, mweusi ukifichwa ndani ya manjano utachungulia tu. Kwenye haradali hauonekani sana. Ndipo nilipoanza kupanga rangi kwanza na kufuma baadaye.

Kilichoniteka hasa ni mchoro wa matumbawe. Duara la mishono mifupi hulala bapa ukiongeza mishono 6 kila mzunguko. Hapa unaongeza kila baada ya mishono miwili, mzunguko baada ya mzunguko, bila kupunguza. Kipande kinakosa nafasi ya kulala, kinaanza kujikunja chenyewe mawimbi juu ya mawimbi, na ukingo ukiupa waridi kila wimbi linajitokeza. Mwanahisabati Daina Taimina wa Chuo Kikuu cha Cornell alitumia njia hiyo mwaka 1997 kutengeneza maumbo ya jiometri ambayo ni taabu kuyaonyesha kwa karatasi. Kuanzia 2005, dada wawili, Margaret na Christine Wertheim, wakaitumia kufuma miamba mizima ya matumbawe iliyoonyeshwa kwenye makumbusho. Tangu nilipoziona picha za kazi hiyo, kijitabu nimekifunga. Kwenye kroshia, kila mshono ukiisha kinabaki kitanzi kimoja tu kwenye sindano, kwa hiyo unaweza kugeuza njia popote, ukapanda juu ya kazi yako mwenyewe, ukaacha tundu ukitaka. Siku hizi nafuma vipande vya kutundika ukutani ambavyo havifuniki meza yoyote, na sijali.

Sasa kasoro. Nyekundu inachuja. Funga uzi wake kwenye kitambaa cheupe kilicholowa kabla hujauchanganya na kitu. Changu kilitoka na rangi ya waridi. Madonge hayana namba ya bechi ya rangi, na hilo linaniudhi zaidi, maana ukiishiwa katikati ya kazi, donge jipya la rangi "ileile" linaweza kupishana kidogo na la kwanza, na ukutani hilo halifichiki. Kijitabu pia hakisemi kama kinafuata utaratibu wa Uingereza au wa Marekani, ilhali majina ya mishono yanapishana. Shika michoro ya alama, maneno yaache.

Sindano hazina neno. Mpini wa mpira unaokoa kidole gumba ukikaa muda mrefu, ingawa ya milimita 4 inafanya kazi ilegee mno kwa uzi huu. Mimi natumia ile ndogo tu.

Nawapa nyota 4 kati ya 5, na ile moja iliyobaki wailete pamoja na namba za bechi. Anayeanza achukue seti nzima. Anayejua kufuma atafute nyuzi peke yake, na nyeusi achukue madonge mawili kabisa, kwa sababu ndiyo inayoisha kwanza.