Proxmox VE kwenye ofisi ya forodha Malaba: naisifu, lakini hifadhidata usiiachie peke yake

Proxmox VE, programu ya kugawa seva moja iwe kompyuta nyingi zinazojitegemea, inapakuliwa bure, na ndiyo maana mafundi wengi huku mpakani wanaichukulia kama kitu cha kujifunzia nyumbani. Mimi nimeifunga katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda, na inabeba nyaraka za mizigo, stoo na uhasibu. Kabla ya hapo kulikuwa na mashine sita za kila aina, mbili kati yake kompyuta za mezani zilizopandishwa cheo. Sasa kuna seva tatu zilizotumika, tumezinunua Kampala, na kila moja ina RAM ya kutosha kiasi kwamba mbili zinaweza kubeba kazi yote ya tatu. Hapo wengi hujibana. Ukijaza seva zote mpaka pomoni, siku moja ikifa hakuna pa kuhamia.

Kwa asiyeijua: ni programu huria ya kampuni moja ya Vienna, Austria, na toleo la kwanza lilitoka 2008. Inakaa juu ya Debian, inatumia KVM kuendesha mashine pepe, yaani hizo kompyuta zilizo ndani ya seva, na unaisimamia kwa kivinjari. Maswali kuihusu yaliongezeka baada ya Broadcom kuinunua VMware, mshindani wake mkubwa, Novemba 2023 na kuacha kuuza leseni za kudumu. Proxmox nao, katika toleo la 8.2 la 2024, waliweka kifaa cha kuvuta mashine moja kwa moja kutoka ESXi, programu ya VMware ya kazi hiyohiyo. Kwetu kilifanya kazi vizuri, hakina hadithi.

Malaba hailali. Malori yanapita usiku kucha, na karani wa zamu akinipigia simu huwa maneno ni yaleyale: "Kaka, sistimu imelala, na dereva yuko hapa dirishani." ASYCUDA, mfumo wa forodha, ni ya mamlaka ya mapato URA, hiyo siigusi. Lakini ankara, orodha za mizigo na hesabu za mteja ziko kwetu, na bila hizo karani hana cha kuingiza huko.

Kwa nini seva tatu? Sababu ni akidi. Corosync, kile chombo kinachoziunganisha nodi (yaani hizo seva), kinapiga kura kila wakati, na kundi lenye zaidi ya nusu ndilo linaloruhusiwa kuendelea. Ukiwa na mbili na moja ikafa, iliyobaki ni nusu tu, kwa hiyo haina mamlaka ya kuwasha chochote. Mwenye bajeti ya seva mbili aongeze kikompyuta kidogo cha kupiga kura ya tatu, wanakiita QDevice. Asikiruke.

Sasa lile neno linalouza: upatikanaji wa muda wote. Watu wanadhani nodi ikifa, mashine pepe inahama ikiwa hai. Hapana. Kuhama ikiwa hai kunawezekana pale nodi zote mbili ni nzima, kwa mfano unapotaka kufungua moja mchana uongeze RAM, na hapo Proxmox ni tamu kweli. Nodi ikifa ghafla, zilizobaki zinasubiri mpaka ziwe na hakika kwamba ile imezimika, ndipo zinaiwasha mashine upya mahali pengine. Waundaji wenyewe wameandika kwamba shughuli hiyo huchukua kama dakika mbili. Kwa hifadhidata ni sawa na kung'olewa waya ukutani: inaamka, inasoma kumbukumbu ya miamala, inajirekebisha, kisha inafungua mlango.

Na inaamka na data ya lini? Kama diski zako ni za ZFS, mfumo wa kupanga data, ndani ya kila seva, Proxmox inanakili kwenda nodi nyingine kila dakika 15 usipobadilisha chochote. Unaweza kushuka mpaka dakika moja, si chini ya hapo. Ceph, hifadhi inayosambazwa kwenye seva zote, inaondoa tatizo hilo kwa kuandika pote kwa pamoja, lakini inataka mtandao wa gigabiti 10 na diski nyingi, na bosi wangu alipoona hesabu alicheka tu.

Kwa hiyo hifadhidata ya nyaraka, ambayo ni PostgreSQL, nimeitoa kabisa kwenye mpango wa Proxmox wa kuwasha upya. Kuna mashine pepe tatu, kila moja kwenye nodi yake, moja kiongozi na mbili wafuasi wanaonakili data yake, na programu iitwayo Patroni ndiyo inayosimamia uongozi. Kiongozi hamwambii karani "imehifadhiwa" mpaka mfuasi mmoja kati ya wawili awe ameandika pia. Uwezo huo wa kungoja mmoja yeyote uko PostgreSQL tangu toleo la 10, 2017. Usingoje mfuasi mmoja maalumu, maana akifa yeye, kiongozi naye anasimama akimsubiri.

Tulijaribu mchana kweupe. Nikachomoa nyaya zote mbili za umeme za nodi ya kwanza, mhasibu amesimama nyuma yangu. Fomu ya karani ikazunguka, ikatoa kosa, akabonyeza hifadhi tena baada ya kitambo, ikapita. Kiongozi wa Patroni kwa kawaida hupewa uongozi wa sekunde 30, asipouhuisha mfuasi huchukua nafasi. Mashine ya uhasibu, ile ya Windows inayotegemea Proxmox na nakala za kila dakika, iliamka kwenye nodi ya tatu baada ya kama dakika mbili, na vocha ya mwisho haikuwemo. Mhasibu alikuwa nayo kwenye karatasi, akaiingiza tena huku akinitazama. Uhasibu unavumilia hilo. Dirisha la nyaraka haliwezi.

Kuna jambo ambalo sikuliona likisisitizwa vya kutosha. Fundi wa umeme aliyefunga raki aliweka seva tatu kwenye UPS nzuri (betri ya akiba), kisha swichi ya mtandao inayoziunganisha akaichomeka ukutani. Umeme ukapotea usiku, jenereta ikachelewa. Seva zote zilikuwa hai, lakini hakuna iliyoweza kuisikia nyingine. Kila nodi ikahesabu kura, ikajikuta iko peke yake, na zile zilizokuwa zimebeba mashine za huo mpango wa kuwasha upya zikajizima na kujiwasha zenyewe baada ya kama dakika moja, ndivyo zilivyoundwa, ili mashine moja isije ikaendeshwa sehemu mbili na kuharibu data. Kwa hiyo kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye raki ndicho kilichoangusha ofisi. Sasa Corosync ina njia mbili, swichi mbili tofauti, zote kwenye UPS.

Pesa ya leseni mliyookoa ipelekeni kwenye diski. SSD za kawaida za dukani zinapwaya vibaya hifadhidata inapotaka kila muamala uandikwe kweli. Endesha amri ya pveperf uone namba ya fsync kwa sekunde, yaani mara ngapi diski inathibitisha kuandika kweli, kabla hujaamini lebo. Tafuta zile za seva zenye ulinzi wa umeme ukikatika. Pia zima ule mpango wa memori kupungua na kuongezeka yenyewe kwenye mashine za hifadhidata, na ZFS uiwekee mpaka wa RAM.

Toleo la 9 la Proxmox, la 2025, limeleta kanuni za kuzitenga mashine zinazohama zisikae nodi moja. Lilikuwa pengo la muda mrefu.

Duka lenye seva moja na karani mmoja halihitaji haya yote. Nakala rudufu nzuri kila jioni inatosha. Kwa ofisi kama yetu naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kale kadirisha kanachokuambia huna usajili kila unapoingia. Usajili hulipiwa kwa euro, kwa kila soketi ya kichakataji, kwa mwaka. Bosi ameahidi kuuweka kwenye bajeti inayoanza Julai. Nikiona risiti nitaamini.